Sufuria Iliyosafiri kwa Taksi ya Beni

Motari aliyenibeba kwa pikipiki yake mwezi uliopita pale Butembo alikuwa kijana mdogo, na mahali nilipomtajia hakupajua. Nilimwambia anipeleke parkingi ya Beni. Akageuza shingo kunitazama.

"Parkingi ya Beni njo wapi, mama?"

"Pale chini ya kanisa, fasi taksi zinaondokeaka kwenda Beni."

"Taksi?" Akacheka, si kwa ubaya. "Mama, zile taksi zilikufaka zamani. Siku hizi ni moto tu, pikipiki kama hii. Bon, panda, utanionyesha njia. Leta ile sufuria niifunge nyuma."

"Hapana. Ile nitaipakata."

Basi nikapanda na sufuria yangu, nimeizungushia kikwembe kuukuu ili joto lisitoke. Nilikuwa nakwenda matangani. Shofere mmoja wa zamani alikuwa amefariki, mzee wa siku nyingi, na ndani ya sufuria mlikuwa na maharagwe niliyoyapika mwenyewe asubuhi, yenye pilipili ya kutosha kumtoa mtu machozi. Utasema, nani anapeleka pilipili matangani? Ngoja nikusimulie polepole, rafiki yangu, maana nimechoka, na habari yenyewe ni ya watu waliochoka.

Kabla ya vita kulikuwa na basi kati ya Butembo na Beni. Basi zima, lenye ngazi nyuma ya kupandia kwenye mizigo, na honi iliyokuwa ikisikika mpaka kilimani kwetu. Siku moja wanajeshi walilichukua kubebea wenzao, wakasema watalirudisha. Wako waliosema baadaye kwamba walikuta bodi lake kule Mutwanga, magurudumu hayapo, kuku wanataga kwenye viti. Sisi hatukuliona tena. Kwenda Beni kukawa ni kwa miguu, au kwa kuomba kwenye malori ya mbao, na malori nayo yakapungua.

Ndipo zikaingia taksi. Nasema taksi, usidhani gari la maana. Zilikuwa Toyota ndogo zilizozoea kuzunguka mjini tu, kupeleka wagonjwa hospitali na maarusi kanisani, rangi imebanduka, mlango umefungwa kwa kamba ya mpira. Vita ikazipa kazi ya basi. Mashofere wakagawana barabara ya Beni, wakachagua uwanja chini ya kanisa wakauita parkingi, na kila mmoja akakaa pale akiita watu mpaka gari lijae. Wakati mwingine lilijaa adhuhuri. Wakati mwingine watu walishinda wamekaa ndani, jioni wakashuka wakarudi kwao.

Shofere mmoja tu hakufanya hivyo, na ndiye niliyekuwa nakwenda kumlilia. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha lile basi lililochukuliwa. Alipokosa basi, mfanyabiashara mmoja wa soko alimpa Corolla ya manjano aiendeshe, na mtu huyu akakataa katakata kukubali kwamba basi halipo. Kofia yake ya basi aliivaa vilevile. Kengele ya kwanza ya kanisa ikilia asubuhi, anawasha gari anaondoka, gari limejaa halikujaa. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mwenye gari alimkemea mpaka naye akachoka.

"Hii hapana taksi," alikuwa akiwajibu. "Hii ni basi, ila ni fupi."

Na kweli aliiendesha kama basi. Maboya alisimama akapiga honi, Kabasha alisimama akapiga honi, hata kama pembeni ya barabara hakuna kiumbe ila mbuzi. Abiria wakimuuliza anamwitia nani, anasema basi lina vituo vyake. Kabla ya kuondoka alimwomba abiria mmoja aongoze sala. Yeye alikuwa Mkatoliki, na sala za Waprotestanti zilimtesa kwa urefu. "Mama, fupisha kidogo, moteri inabaridi," alikuwa akinong'ona, kofia mkononi, na watu wanabana kicheko huku wamefumba macho. Lakini watu walimpenda, sababu wakati ule hakukuwa na kitu kingine kilichotokea kwa saa yake. Mshahara wa mwalimu wetu haukuja, dawa hazikuja, amani iliyotangazwa redioni haikuja. Kengele ililia, na ile Corolla ikaondoka.

Sasa nikuambie habari ya sufuria.

Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama, mukaka, kama tunavyowaita kwetu, kwenye kilima upande wa mikaratusi. Baba alikufa nikiwa mchanga. Mama alikuwa muuguzi katika zahanati moja Beni, na hakuweza kuiacha, maana wauguzi wengine walikwisha kukimbia. Zamani alikuja kila mwisho wa juma kwa lile basi. Vita ilipokolea, bariyeri zikawa nyingi njiani, na kila bariyeri ina wanajeshi wake, wanaosumbua wanawake. Mukaka akamtumia neno abaki kulekule. Hapo kati ya mtu na mama yake ikawa ni barabara tu, nusu siku hali ikiwa njema.

Mukaka hakuwa mtu wa kukaa na wasiwasi mikono mitupu. Alianza kupika. Asubuhi kabla jua halijatoka niliamshwa na harufu ya moshi wa mkaratusi na vitunguu vya majani vikikaangwa kwa mafuta ya mawese. Alipika maharagwe na viazi vya Alimbongo, vile vinavyopasuka vyenyewe, akavitia kwenye sufuria moja ya aluminiamu yenye kibonyeo ubavuni. Kisha aliifunga kwa pulova kuukuu ya babu, mikono ya pulova juu ya kifuniko, kama mtu aliyejikumbatia kwa baridi. Kazi yangu ilikuwa kuishusha kilimani mpaka parkingi kabla ya kengele. Ukungu wa Butembo unaujua? Ule unaoloanisha nyusi. Nilishuka nimeipakata sufuria, tumbo langu lina joto na mgongo una baridi, na nilikuwa na furaha, nakuambia bila aibu. Nilikuwa napeleka chakula kwa mama yangu.

Shofere aliiweka miguuni pa abiria wa mbele, akamwagiza aishike kama mtoto. Jioni aliporudi, sufuria ilirudi naye, na haikurudi bure. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na chochote, hata majani ya chai. Mukaka alilelewa akijua kwamba chombo kitupu kinatoka kwenye nyumba ya msiba tu, kwa sababu mwenye kukijaza hayupo tena. Kwa hiyo mama alijaza. Beni ni nchi ya joto, ina vitu vyake: karanga, mchele mpya, kipande cha nanasi, mawese kwenye chupa. Siku alizokosa alitia mapera ya kuokota. Kila kitu alikifunga kwa jani la mgomba na kamba ya mgomba, na fundo lake lilikaa upande mbaya, maana mama alikuwa wa mashoto. Mukaka alihangaika nalo kila jioni.

"Huyu mutoto nilimufundishaka kufunga," alinung'unika, vidole vikitafuta mwisho wa kamba. "Kufunga kwake ni kama ya mutu amegeuka nyuma." Lakini uso wake ulikuwa umelegea. Fundo likifunguka, alisema "Wasingya, Nyamuhanga," kumshukuru Mungu, kisha tukala.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba mama yuko hai. Hakukuwa na simu wala posta. Kulikuwa na sufuria.

Sasa sikia siku ya karanga. Shofere alirudi amechelewa, gurudumu limepasuka, abiria wanagombana, na badala ya kunisubiri mimi alimpa jirani yetu muuza makaa atuletee sufuria. Mukaka akaipokea, akafungua kifuniko. Ndani hamna kitu. Akaigeuza chini juu, kama vile kitu kingeweza kujificha ndani ya sufuria. Halafu akavua kitambaa cha kichwa, akakaa chini kwenye udongo, akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimepata kuisikia kwake.

Jirani naye akapiga yowe, na kilima kikaitika. Nyumba ilijaa. Watu wakaleta kuni, moto wa matanga ukawashwa uani, shemasi wa kanisa letu akafika na kitabu cha nyimbo kwapani. Mimi nilikaa nyuma ya mlango nimeziba masikio. Tumeshaimba wimbo mmoja na kuanza wa pili, akatokea shofere, kofia mkononi.

"Nani alikufa hapa?"

"Mutoto wa mama," wakamjibu.

"Mutoto gani? Yule wa Beni? Mais nimemuacha sasa hivi anafua mashuka!"

Mukaka akainua kichwa polepole.

"Na sufuria?"

"Eh, mama yangu! Alitia karanga, nimeona na macho. Basoda, banajeshi ba bariyeri ya mwisho, njo balikula. Baliacha sufuria tu, balisema aluminiamu hapana kulika."

Hapo mukaka alinyanyuka, akamchapa shofere kwa kile kitambaa, mgongoni, mabegani, kofia ikaanguka, na huku analia na kucheka pamoja. Watu walicheka mpaka wakashikana. Shemasi akasema kuni zimeshawaka, haifai kuziacha, basi wakaimba wimbo wa shukrani na jirani akapika. Lakini kabla shofere hajaondoka mukaka alimshika mkono akamwekea sheria.

"Sikia mbele ya batu. Kama mutoto wangu iko anapumua, sufuria yangu isirudie bure. Basoda bakikula, okota kitu. Weka hata jiwe. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Hata jiwe."

Na kweli aliwahi kuleta jiwe, wiki za mbele, jiwe jeupe la mtoni, na mukaka alilifurahia kama mchele.

Halafu vita ikafika Beni yenyewe. Nani alipigana na nani usiniulize, hata wakubwa walichanganyikiwa, maana waliokuwa marafiki mwezi ule walikuwa maadui mwezi uliofuata, na wote walikuwa na njaa ileile. Sisi Butembo hatukusikia milio. Tulichoona ni watu wakiingia mjini kwa miguu, magodoro kichwani, watoto wamefungwa kamba kiunoni wasipotee. Parkingi ikanyamaza. Kengele ililia asubuhi, Corolla haikuwaka, na shofere alikaa kwenye boneti amevaa kofia yake. Mukaka alikwenda kila nyumba iliyopokea wakimbizi akiuliza habari za muuguzi wa zahanati. Mmoja alisema alimwona akikimbia na wagonjwa upande wa Mabalako. Mwingine alisema hapana, hakutoka.

Barabara ilipofunguka kidogo, shofere alikuwa wa kwanza kuondoka. Nilimpelekea sufuria. Ndani ya gari mlikuwa na abiria mmoja tu, mzee aliyekuwa akitafuta wajukuu wake, na sala yake ilikuwa ndefu, ila siku ile shofere hakumwambia afupishe. Kengele ikalia, wakaenda.

Alirudi kesho yake. Nilikuwa nimekaa parkingi tangu kutoka shuleni. Akanipa sufuria kupitia dirishani bila kunitazama, nikasikia kitu kikigonga ndani. Nilipanda kile kilima mbio. "Mukaka! Kuko kitu! Mama iko muzima!"

Mukaka akafungua. Ilikuwa chumvi, imefungwa kwa kipande cha gazeti, imeviringishwa tu. Akaishika kwa muda. Nilimngoja aseme wasingya.

"Ndiyo," akasema. "Weka chumvi kwenye kopo."

Nilidhani amechoka. Sote tulikuwa tumechoka. Asubuhi akapika tena, sufuria ikashuka, sufuria ikapanda, na kila mara ilikuwa na kitu: chumvi, karanga kwenye plastiki, kipande cha sabuni kwenye gazeti. Mimi niliimba njia nzima. Msimu wa mvua ukaingia, barabara ya Beni ikawa matope, shofere akawa anarudi baada ya siku mbili, mara nyingine zaidi. Alikonda. Kofia ilimteremkia machoni. Watu walisema anachakaza gari la mwenzake, maana abiria wakishashuka Beni, yeye anageuza kuelekea Mabalako, barabara isiyo ya Corolla kabisa, na hamna abiria wa huko.

Kuna jambo moja lililonishangaza wakati ule. Mukaka alianza kutia pilipili kwenye maharagwe. Si kidogo. Alitwanga ile midogo mikali mpaka tukapiga chafya.

"Mukaka, mama hapana kulaka pilipili."

"Mutu akichoka, anahitaji kitu ya kumuamusha," akasema, na akaendelea kutwanga.

Siku niliyoiogopa bila kujua kwamba naiogopa ilikuja asubuhi. Shofere alikuwa hajaonekana siku kadhaa. Nilishuka kuchungulia parkingi kabla ya shule, nikaona Corolla ipo, matope mpaka kwenye vioo, na abiria wameshakaa ndani. Moyo ukanirudi. Kengele ya kwanza ikalia. Gari halikuwaka. Abiria wakatazamana. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Papa shofere, kengele hiyo." Mashofere wengine walisimama kwenye magari yao, hakuna aliyetania.

Shofere akafungua mlango, akatoka na sufuria yetu. "Mutanisamehe," akawaambia abiria. "Leo basi itachelewa."

Nilinyoosha mikono nimpokee. Hakunipa. Akaanza kupanda kilima akiwa ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, na mimi nyuma yake. Nilisikiliza. Kila siku kitu kiligonga ndani, karanga au sabuni. Asubuhi ile sikusikia kitu, ila kifuniko kikicheza.

Mukaka alikuwa uani anachambua maharagwe. Alipomwona anakuja vile, hatua kwa hatua kama mtu anayekwenda kupokea meza ya Bwana, aliweka ungo chini akasimama. Akapokea, akafungua. Sufuria ilikuwa imesuguliwa kwa majivu, ndani na nje, inang'aa.

"Iko wapi?" mukaka akauliza.

"Mabalako, mama. Alikimbiaka na bagonjwa bake. Homa ilimukamata kule, katika mvua. Bakristo ba kule njo balimuzika. Jana balinionyesha fasi."

"Balimufunika?"

"Na kikwembe yake. Ile ya maua."

Mukaka akaitika kwa kichwa. Shofere akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Mama, unisamehe. Vyote ulipokea tangu vita iliingia Beni, chumvi, karanga, ile sabuni, ni mimi. Yeye sikumuonaka. Nilikuta zahanati imefungwa. Lakini maiti sikuona! Sasa nirudishe sufuria bure, niseme amekufa, na mimi sijue? Nikafikiri, nitaweka kitu mupaka nitajua. Nimemutafuta, mama. Kila kijiji."

"Nilijua," mukaka akasema. "Tangu ile chumvi. Mutoto wangu alifungaka na mashoto, na jani. Hapana na gazeti."

Shofere akamtazama. "Sasa juu ya nini ulikuwa unapika?"

"Na wewe, nani alikuwa anakupikia kule porini? Ile pilipili nilikuwa ninatwangia nani? Yeye hapana kulaka." Akamgusa bega. "Wasingya, mwana wangu. Umechoka. Ikala."

Mtu mzima yule akakaa kwenye kigoda chetu cha jikoni akalia, kofia imefunika uso. Ndipo mukaka naye akavua kitambaa cha kichwa, akakaa kwenye udongo mahali palepale pa ile siku ya kwanza. Jirani akapiga yowe, kuni zikaletwa, shemasi akaja na kitabu chake. Mimi nitakuambia kilichokuwa moyoni mwangu. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, nami nilikuwa nimekaza macho kwenye njia, nangoja mtu atokee aulize nani alikufa hapa, aseme ni wanajeshi tu, walikula karanga. Niliitazama njia ile mpaka jioni. Mtu pekee aliyeweza kuleta habari hiyo alikuwa amekaa jikoni kwetu.

Baada ya matanga nilidhani sufuria itawekwa darini. Haikuwekwa. Mukaka alipika, akanipa, akasema, "Peleka kwa shofere. Umuambie hii ni yake." Na jioni sufuria ikarudi na chumvi kwenye gazeti. Iliendelea hivyo muda mrefu. Mara moja shofere alimpakia mukaka mwenyewe, yeye aliyeapa hatapanda gari kwa sababu ya kichefuchefu, akampeleka mpaka Mabalako kuona kaburi. Alitapika Maboya na alitapika Kabasha. Shofere alipiga honi kwenye kila kituo.

Kisha na Corolla ikachukuliwa, kama basi lilivyochukuliwa. Safari hii shofere hakupata gari jingine la kulifanya basi. Alikaa nyumbani kwake karibu na parkingi akitengeneza baiskeli za watu, na kengele ya kwanza ikilia, mkewe alisema, alikuwa akiacha kila alichoshika. Mukaka alikufa amechoka, usingizini, na sufuria ikawa yangu. Nimeishi nayo miji kadhaa. Siku hizi binti yangu yuko mbali, nikitaka kujua kama anapumua nabonyeza simu, anasema "mama, niko kazini, nitakuita." Hanipigii. Sawa, nimejua yuko. Ila sina fundo la kufungua.

Motari alinishusha nilipomwonyesha. Parkingi imejengwa maduka ya simu na betri. Nyumba ya marehemu ilikuwa imejaa watu, moto uani, viti vya plastiki vya kukodi. Waliokuwa wakimjua walikuwa wachache, wazee tu, na mmoja alipoonja maharagwe alikohoa, akasema, "Hii ni ya kilimani." Nilifurahi kusikia. Nilikaa nao mpaka jua likageuka.

Nilipoaga, binti wa marehemu alinitoa mpaka barabarani. Ni mwanamke mzuri, mwenye heshima, alikulia kwa shangazi zake Kisangani na amerudi kwa msiba tu. Alikuwa amebeba sufuria yangu kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, mama. Tumeisafisha vizuri."

Niliipokea. Ilikuwa nyepesi. Niliinua kifuniko kidogo, sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe. Imeoshwa kwa sabuni, imekaushwa, haina kitu. Yule dada hakujua alichoniambia, na hakukosea.

"Wasingya," nikamwambia.

Motari alikuwa bado ananingoja. Akasema sasa haina chakula, niilete aifunge nyuma. Nikamwambia hapana, nitaipakata.